Kijana wa Saa 200 Akae Kando ya Nani?

Leo nataka tuzungumze juu ya namba mbili: 1,500 na 200.

Nchini Marekani, kijana mwenye ndoto ya kurusha ndege za shirika kubwa kwa kawaida hakikalii kiti cha rubani msaidizi mpaka awe ameruka saa 1,500. Ukivuka Atlantiki ukaingia Ulaya, kijana wa saa 200 hivi, aliyesoma chuo kinachotambulika na kufaulu mitihani yake, huajiriwa na kupewa kiti kile kile, kwenye Boeing ile ile, na abiria karibu 180 nyuma yake. Sisi huku tuko karibu zaidi na Ulaya. Kiwango cha ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, kwa leseni ya rubani wa biashara ni saa 200, au 150 kama mwanafunzi amesoma kozi iliyoidhinishwa tangu mwanzo hadi mwisho. Saa 1,500 hudaiwa baadaye, rubani anapotaka leseni ya juu, ile inayomfungulia njia ya kuwa kapteni.

Tofauti ni saa 1,300. Kwa kijana anayerusha ndege ndogo kila hali ya hewa inaporuhusu, hiyo ni miaka miwili au zaidi ya maisha yake. Kwa abiria ni swali zito: je, yule kijana aliyeko mbele anajua anachokifanya? Nina jibu langu, na nitalitoa. Kwanza tuangalie Wamarekani walifikaje kwenye 1,500.

Tarehe 12 Februari 2009, saa nne na dakika kumi na tano hivi usiku, ndege ya Colgan Air iliyotoka Newark ilikuwa inakaribia kutua Buffalo, jimbo la New York. Ilikuwa Q400 ya injini mbili za mapangaboi. Wengi wenu mnaijua hata kama jina halikuwakaa kichwani: ni aina ile ile ambayo Air Tanzania ilianzia nayo ilipofufuliwa mwaka 2016, na ambayo Jambojet wanaitumia kutoka Nairobi kwenda Mombasa na Kisumu. Ndege haikuwa na hitilafu. Kulikuwa na baridi kali na barafu kidogo ilikuwa ikishika kwenye mbawa. Marubani wawili walikuwa wanazungumza mambo ambayo kanuni hazikuruhusu yazungumzwe wakati wa kushuka, na kasi ikawa inapungua bila wao kuitazama.

Kasi ilipopungua mno, usukani ulianza kutikisika wenyewe. Hivyo ndivyo ndege inavyomwambia rubani kwamba mbawa zinakaribia kushindwa kubeba. Dawa yake kila mwanafunzi hufundishwa katika wiki za mwanzo: sukuma usukani mbele, shusha pua, ongeza nguvu ya injini, kasi irudi. Kapteni alivuta. Aliivuta pua juu, ndege ikapoteza uwezo wa kuelea na kuangukia nyumba kwenye kitongoji cha Clarence Center. Wote 49 waliokuwamo walikufa, na mtu mmoja ndani ya nyumba ile.

Kati ya abiria wale alikuwamo Alison Des Forges, mwanahistoria aliyeijua Rwanda kuliko karibu mtu yeyote wa nje ya nchi ile. Alikuwa amekwenda Arusha kutoa ushahidi wa kitaalamu mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, na kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu mauaji ya kimbari ya 1994 bado kinategemewa na watafiti. Buffalo kulikuwa kwao. Alikuwa anarudi nyumbani. Nimemtaja kwa sababu tukisikia ajali ya New York huwa tunadhani haituhusu. Ile ilitunyang'anya mtu wetu.

Familia za marehemu hazikukaa kimya. Zilikwenda Washington tena na tena, zikabeba picha za wapendwa wao, zikakaa kwenye vikao vya bunge. Agosti 2010 Rais Barack Obama alitia saini sheria mpya, na kuanzia 2013 kila rubani msaidizi wa mashirika ya Marekani akatakiwa kuwa na leseni ile ya juu, yenye saa 1,500. Kabla ya hapo ilitosha leseni ya biashara, ambayo hupatikana kwa saa 250. Waliwekewa nafuu wachache: aliyefunzwa jeshini huanza kwa saa 750, na mwenye shahada ya urubani kutoka chuo kikuu kilichoidhinishwa kwa saa 1,000.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalisemi. Usiku ule wa Buffalo, kapteni alikuwa na saa zaidi ya 3,300. Rubani msaidizi alikuwa na zaidi ya 2,200. Sheria iliyozaliwa na vifo vile isingemzuia hata mmoja wao kukaa pale.

Kuna zaidi ya hapo. Dakika chache kabla ya kuanguka, kinasa sauti kilimrekodi yule rubani msaidizi, mwanamke wa miaka 24, akieleza kwamba alipoajiriwa na Colgan alikuwa na saa 1,600 na zote alizipata Phoenix, Arizona. Phoenix ni jangwani. Jua kali, anga safi, upepo wa kueleweka. Hadi anaajiriwa, barafu kwenye mbawa hakuwa amekutana nayo. Alikuwa amevuka kizingiti cha 1,500 kabla hata sheria haijaandikwa, na saa hizo hazikumwandaa kwa usiku wa Februari huko Buffalo. Nahodha wa jahazi aliyezunguka miaka kumi ndani ya ghuba tulivu hajaujua mkondo wa Nungwi, hata kama daftari lake limejaa.

Tume ya uchunguzi ya Marekani iliandika mengi juu ya ajali ile, na kwa maoni yangu ndiko liliko somo kubwa kuliko la saa. Kapteni alikuwa ameshindwa majaribio kadhaa ya urubani katika maisha yake ya kazi, na alipoomba kazi hakuyataja yote. Mwajiri naye hakuchimba. Kwenye aina ile ya ndege alikuwa na saa mia moja na kidogo tu. Rubani msaidizi alikuwa analipwa dola 16,000 hivi kwa mwaka, akiishi na wazazi wake Seattle, upande wa pili wa nchi. Ili afike kazini alisafiri usiku kucha kama abiria. Kapteni naye alijilaza kwenye chumba cha wafanyakazi pale Newark. Uchovu, mshahara mdogo, rekodi iliyofichwa, mafunzo ya juujuu: yote hayo yalikuwamo kwenye ndege ile. Bunge la Marekani liligusa na hayo pia, haki isemwe. Kanuni mpya za mapumziko zilianza Januari 2014, na ikaanzishwa hazina ya kumbukumbu za marubani ambayo kila mwajiri lazima aisome kabla ya kuajiri. Lakini mitaani na magazetini ilibaki namba moja tu, 1,500, kwa sababu namba hukaa kichwani kwa urahisi.

Watetezi wa namba ile wana hoja, na sitaki kuipuuza. Wanasema tangu Buffalo mpaka Januari 2025, ndege ndogo ya American ilipogongana na helikopta ya jeshi jijini Washington na kuua watu 67, hapakuwa na ajali kubwa ya ndege ya abiria ya shirika la Marekani. Hiyo ni karibu miaka 16. Chesley Sullenberger, kapteni aliyeitua Airbus kwenye mto Hudson mwezi mmoja kabla ya ajali ya Buffalo na kuokoa watu wote 155, amesimama upande wao. Yeye alikuwa na saa zaidi ya 19,000 siku ile, na msaidizi wake zaidi ya 15,000. Mwaka 2022 shirika la Republic liliomba wahitimu wa chuo chake waruhusiwe kwa saa 750; serikali ilikataa. Na sheria ya anga ya 2024 iliiacha 1,500 kama ilivyo.

Lakini itazame Ulaya. Ryanair na easyJet zimekuwa zikichukua vijana wa saa 200 kwa miaka mingi, zikiruka mamia ya maelfu ya safari kila mwaka, katika mvua, ukungu na theluji, kwenye viwanja vilivyosongamana. Hakuna hata moja kati ya mashirika hayo mawili iliyowahi kuua abiria kwa ajali ya ndege kuanguka. Kama saa 200 peke yake ni hatari, tungekuwa tumeshaona makaburi yake.

Huku kwetu nako, tulipopata msiba wa Ethiopian Airlines tarehe 10 Machi 2019, watu 157 wakafa nje ya Addis Ababa, 32 kati yao Wakenya, siku hazikupita nyingi kabla ya watu huko Marekani kunyoosha kidole kwa rubani msaidizi. Alikuwa na saa 361. Hoja ilienea haraka: Waafrika wanawaweka watoto mbele ya ndege. Lakini chini ya miezi mitano kabla yake, ndege ya aina ile ile, Boeing 737 MAX, ilikuwa imeanguka Indonesia kwa tatizo lile lile la mfumo uliokuwa ukiishusha pua wenyewe, na watu 189 wakafa. Rubani msaidizi wa ndege ile alikuwa na saa zaidi ya 5,000. Mfumo mbovu uliwaua wote wawili, mwenye 361 na mwenye 5,000. Kumtwisha marehemu kijana mzigo wa kiwanda kulikuwa dhuluma, na nasema hivyo bila kumung'unya maneno.

Hata hivyo, msikilizaji, tusijifiche nyuma ya Boeing. Tuna misiba yetu ya kujifunza.

Tarehe 30 Januari 2000, Airbus ya Kenya Airways iliruka kutoka Abidjan usiku kuelekea baharini. Mara tu ilipoacha ardhi, tahadhari ya kupoteza uwezo wa kuelea ililia. Rubani aliyekuwa akirusha akasukuma pua chini, kama alivyofundishwa. Tahadhari ile ilikuwa ya uongo. Ndege ilikuwa inaruka vizuri, na bahari ilikuwa karibu mno. Walikufa 169 kati ya 179. Buffalo tahadhari ilikuwa ya kweli, rubani akavuta. Abidjan ilikuwa ya uongo, rubani akasukuma. Wote walikuwa na saa elfu kadhaa, na hakuna hata mmoja ambaye saa zake zilikuwa zimemzoesha hali ile mahususi mpaka mikono ikaijua.

Ajali ya pili ndiyo inayonisumbua zaidi. Tarehe 5 Mei 2007, muda mfupi baada ya saa sita usiku, Boeing 737 ya Kenya Airways iliruka Douala, Kameruni, kuja Nairobi. Ilikuwa mpya, na mvua ilikuwa inanyesha. Kapteni alikuwa mtu mzima wa miaka zaidi ya 50, mwenye saa elfu nyingi. Msaidizi wake alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, mwenye saa mia kadhaa. Baada ya kuruka, kapteni alidhani mtambo wa kujiendesha umeshika. Haukuwa umeshika. Katika giza lile ndege ikaanza kulalia upande wa kulia, polepole, na hakuna aliyekuwa anavitazama vipimo vya mbele yao. Tahadhari ilipolia, kapteni alichanganyikiwa juu ya upande gani ni upi. Walianguka kwenye kinamasi, kilomita chache tu kutoka uwanjani. Watu wote 114 walikufa.

Ripoti ya ajali ile ilizungumzia tabia za watu wawili waliopangwa pamoja: mkubwa mwenye sauti na mamlaka, na kijana mpole asiyethubutu kumkosoa. Hapo ndipo nilipokaa sana nilipoisoma. Sisi tumelelewa kumwamkia mkubwa shikamoo na kungoja atupe nafasi ya kusema. Ni adabu nzuri, na nataka wanangu waishike. Lakini ndani ya chumba cha marubani adabu ina sura nyingine. Kijana anatakiwa aseme, kwa sauti kavu, "Kapteni, mtambo haujashika," na kama kapteni hakujibu aseme tena, na kama bado, auchukue usukani. Jambo hilo halipatikani kwa kuruka peke yako saa 1,500 juu ya mashamba. Hupatikana kwa kufundishwa, kwa kukaa kiti cha kulia kando ya kapteni anayekubali kukosolewa, na kwa shirika linalomtetea kijana aliyesema hata alipokosea. Kijana wa saa 300 aliyefundishwa hivyo namwamini kuliko wa saa 2,000 aliyezoea kuwa peke yake.

Na hili ndilo linalonifanya niseme kwamba ngazi yetu imewekwa miguu juu kichwa chini.

Fikiria safari ya kijana wa Kitanzania au Mkenya. Wazazi wanauza kiwanja, wanachukua mkopo, wanampeleka Afrika Kusini, au anasomea pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Anarudi na leseni na saa 200. Nafasi za wanafunzi kwenye mashirika makubwa ni chache. Matangazo mengi ya kazi yanataka saa 500, na mara nyingi hata siyo serikali iliyoweka kima hicho, ni kampuni ya bima. Kijana anakaa nyumbani. Akibahatika, anapata kazi ya ndege ndogo: Cessna Caravan ya injini moja, abiria kumi na kitu, kutoka Dar kwenda Zanzibar, kutoka Arusha kwenda viwanja vya vumbi vya Serengeti, kutoka Wilson kwenda Maasai Mara. Huko joto linapunguza nguvu ya injini, uwanja ni wa nyasi, pundamilia wanavuka, wingu la mvua linajenga juu ya mlima, na mteja ana ndege ya Ulaya jioni. Mara nyingi rubani yuko peke yake. Hana kapteni kando, hana wa kumwambia kwamba kasi imepungua. Akishakusanya saa zake huko, ndipo shirika kubwa linamwita na kumkalisha kando ya kapteni wa saa 10,000, kwenye ndege ya kisasa yenye mitambo ya kumsaidia kila hatua.

Tazama mpangilio huo vizuri. Mwenye saa chache ndiye anayeachwa peke yake pagumu, na akishakomaa ndipo anapewa msaada. Wamarekani nao wamejikuta kwenye shimo linalofanana: ili kufikia 1,500, mhitimu wa juzi huwa mwalimu wa urubani, akiwafundisha wengine akiwa yeye mwenyewe na saa mia tatu. Heshima yangu kwa marubani wa porini ni kubwa. Wengi wao ni mafundi wa kweli, na walionusurika na misimu kadhaa ya mvua kule Mara wana mikono ambayo simuleta haiwezi kuitoa. Lakini neno "walionusurika" lisiwe sehemu ya mfumo wa mafunzo.

Basi jibu langu ni hili. Kwa kiti cha rubani msaidizi kwenye ndege ya marubani wawili, saa 200 zinatosha kuanza, kama zimetoka chuo kizuri na kama kijana amepitishwa kwenye simuleta hali za kweli: tahadhari ya kweli na ya uongo, mtambo unaodhaniwa umeshika na haujashika, kapteni anayejifanya amepoteza fahamu. Kwa mamia ya saa za mwanzo asipangwe na kapteni aliyepandishwa cheo jana. Awe na mkufunzi, na kutua kwenye upepo mkali au njia iliyolowa kuwe kwa kapteni. Kwa rubani anayeruka peke yake na abiria wanaolipa, namba ipande, tena sana, na kabla ya kuachiwa awe amezunguka kila kiwanja cha njia yake akiwa na mwenzake mzoefu. Saa nyingi zidaiwe pale ambapo hakuna mtu wa pili.

Nawajua wenye kampuni ndogo watakaosema gharama itawashinda. Kiti kimoja cha mbele kikichukuliwa na rubani wa pili ni nauli moja iliyopotea kila safari. Nalielewa, na sidhani ni dogo. Ila watalii wanaokuja kuona nyumbu hawatajali kulipa dola chache zaidi kwa macho mawili ya ziada, na kijana aliyekaa kiti kile anakusanya saa anazozihitaji akiwa salama. Shida mbili zinatatuliwa kwa kiti kimoja.

Kuhusu daftari la saa lenyewe: huandikwa kwa mkono wa rubani, na namba yoyote inayouzwa ghali hutengenezewa njia za mkato. Kijana mwenye saa 430 anayeona tangazo la 500 anajaribiwa. Kwa hiyo mkaguzi asiridhike na jumla. Alinganishe daftari la rubani na daftari la ndege, injini kwa injini, safari kwa safari. Na kila jaribio aliloshindwa rubani, huko nje au hapa, limfuate mpaka kwa mwajiri wa mwisho, kama Wamarekani walivyofanya baada ya kuzika watu 50. Kushindwa jaribio moja si aibu, marubani wazuri wengi wameshindwa. Hatari ni lile lililofichwa.

Mwaka 1971 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya zamani ilianzisha chuo cha urubani Soroti, Uganda, kwa ajili ya vijana wa nchi zote tatu, wasome kwa kiwango kimoja bila wazazi kuuza mashamba. Chuo bado kipo. Naziomba mamlaka za anga za Tanzania, Kenya na Uganda zikae pamoja, ziandike kanuni moja inayopanda pale rubani anapokuwa peke yake na kushuka pale anapokuwa na mkufunzi, na zianze na ndege ndogo zinazoruka leo asubuhi kwenda mbugani.